Eufrosina na Shamba Lililoteremka Mlimani

Siku baba yao alipowagawia ardhi, Tranquilino, kwa kuwa ndiye mkubwa, alichagua kwanza, tena alichagua kama mtu anayenunua nyama: alitazama, akaminya, akanusa. Akachukua mteremko wote wa juu, kuanzia kwenye mialoni hadi ukingo wa korongo. Ulikuwa udongo mwekundu wa kufika magotini, ambao watu wa San Cirilo waliuona kila walipofungua milango yao asubuhi. Mdogo wake, Abundio, akaachiwa kilichobaki, yaani korongo lenyewe: mawe, mipungate ya miiba, na vumbi jeupe la chokaa. Hata mbuzi walipafanya mahali pa kupita tu.

"Pole, mwenzangu," Delfina, mke wa Tranquilino, alimwambia Eufrosina, aliyekuwa bado bibi harusi wa Abundio. "Angalau mna mawe. Mtoto akilia, utampa moja alinyonye."

Watu wakacheka, na aliyecheka kuliko wote ni Eufrosina mwenyewe. Kicheko kile kiliwashangaza, maana walitarajia machozi. Lakini Eufrosina alitoka ng'ambo ya mlima, kwenye kijiji ambacho hakikuwa na mteremko wa kujivunia, ila makorongo matupu, na watu wake walikuwa wameishi kwa makorongo hayo tangu enzi za mababu. Alianza kubeba mawe kabla hajamaliza kung'oa meno ya utoto. Basi alilitazama korongo la mumewe, kisha akainua macho kuutazama mteremko wa shemeji yake. Ulikuwa mkali, mtu akidondosha chungwa juu, analila chini. Mbuzi walikuwa wameshaanza kukwangua vichaka vya mwisho, na matuta ya jembe la ng'ombe yalishuka wima toka kileleni, yamenyooka kama nywele zilizochanwa kwa mafuta.

Njiani kurudi nyumbani akamwambia mumewe, "Tutakula, usijali."

"Tutakula nini?"

"Shamba la kaka yako."

Abundio akasimama. Alikuwa msusi wa kofia za ukindu, mpole, mtu asiyetaka ugomvi hata na kuku. "Eufrosina, tafadhali. Yule ni ndugu yangu."

"Hatutalifuata. Litakuja lenyewe."

Wiki ile ile akaanza ukuta. Hakuujenga mrefu; ulimfika magotini tu, umekatiza korongo kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, umelalia nyuma kidogo kama mtu anayesukuma mlango, na katikati ameuachia mdomo wa kupitishia maji yaliyozidi. Waliokwenda kutafuta kuni wakasimama kumtazama.

"Unazuia nini, mama, na maji hakuna?"

"Nazuia mawe yasitoroke," akawajibu.

Mvua za kwanza zikaja mwezi wa sita. Maji yakashuka kutoka kwa Tranquilino mekundu kama mchuzi wa pilipili, yakija mbio, yakaufikia ukuta. Hapo yakachoka. Yakakaa, yakautua mzigo wao, kisha yakapita mdomoni yakiwa mepesi. Kesho yake, nyuma ya ukuta, palikuwa na tope lenye ukubwa wa mkeka. Eufrosina akavua viatu akaingia, akalikanyaga, akahisi linavyopanda kati ya vidole vyake. Akamwita Abundio aje aone. Abundio akaja na ukindu wake mkononi, akatazama, akatazama mlimani, akageuka kuhakikisha hakuna anayewaona.

Mkeka ukawa chumba, chumba kikawa uwanja. Kila mwaka aliuongeza ukuta safu moja ya mawe, na ngazi moja ilipojaa akajenga ukuta mwingine juu yake. Haba na haba korongo likawa ngazi kubwa ya kijani inayopanda mlima, kila kidato na mahindi yake, maharagwe yakijinyonga kwenye mabua, maboga yakitambaa chini. Watoto wakazaliwa, wakajifunza kutembea kwa kupanda vidato hivyo.

Na si udongo peke yake ulioteremka. Siku moja ilikuja ndara ya Tranquilino. Mwaka mwingine kikombe cha bluu cha Delfina, hakijavunjika hata mpini. Eufrosina alivisafisha, akavipeleka.

"Shemeji, kiatu chako kimekuja kunisalimia."

"Kimekukuta hujambo?"

"Sijambo kabisa. Kimesema wenzake wako njiani."

Miaka ile bado walikuwa wanataniana.

Lakini kule juu mambo yalikuwa yanakwenda chini, na si kwa mfano tu. Udongo uliofika magotini ukafika kwenye vifundo vya miguu, kisha ukafika kwenye nyayo, halafu mlima ukaanza kuonyesha mfupa, ule mwamba laini mweupe ambao jembe likiupiga hulia kama sahani. Tranquilino hakuwa mvivu, Mungu ni shahidi. Alilima zaidi. Aliyapeleka matuta mbali zaidi juu, akakata mialoni kuchoma mkaa, akaongeza mbuzi kuziba pengo la mahindi, nao mbuzi wakamaliza majani yaliyokuwa yameshikilia kile kidogo kilichosalia. Mtu aliyemwambia alime kwa kukatiza mlima ubavuni alijibiwa kuwa baba yake alilima kwa kushuka, na babu yake pia, na kwamba matuta yaliyonyooka yanapendeza yakitazamwa kutoka kanisani.

Ukafika mwaka ambao mahindi yake yalitoka mafupi kama ndevu za kijana. Alipita njia ya korongoni siku hiyo, akakuta mahindi ya Eufrosina yamempita kimo. Akasimama, akachota udongo kiganjani, akauviringisha.

"Huu ni wangu," akasema.

Eufrosina alikuwa anapalilia. "Karibu, shemeji. Nini chako?"

"Udongo huu. Naujua kwa rangi. Umeniibia shamba, mwanamke wewe, nami nimekaa nacheka na wewe kama mjinga!"

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akamshtaki kwenye baraza la kijiji.

Mwenyekiti wa mwaka ule alikuwa Macedonio, mfuga bata mzinga. Uenyekiti San Cirilo hupokewa kwa zamu, na Macedonio aliuchukulia kama homa, kwamba utapita. Siku hiyo, juu ya hayo, jino lilikuwa linamuuma, na shavu lake lilikuwa limefungwa kitambaa hadi utosini.

"Haya, Tranquilino. Umeibiwa nini?"

"Shamba."

"Shamba liko pale pale. Naliona kutoka hapa."

"Unayoiona ni mifupa. Nyama iko kwa shemeji yangu."

Benchi zima likacheka. Tranquilino akatoa mfukoni bonge jekundu, akaliinua juu kama padri. "Tazameni rangi! Korongo lile lilikuwa jeupe kama meno ya mtoto. Nani hapa aliwahi kuona udongo mwekundu kule? Huu nimeutoa kwake asubuhi hii. Nimezaliwa juu yake, nitakosaje kuujua?"

"Eufrosina, unasemaje?"

"Ni wake," Eufrosina akasema.

Benchi zima likageuka kumtazama. Abundio akajifunika uso kwa kofia aliyokuwa hajamaliza kuisuka. Macho yake yalionekana kwenye matundu.

"Ni wake, sikatai. Lakini mimi sikupanda kuuchukua. Umekuja wenyewe, kila masika, umelowa, umechoka. Wewe, mwenyekiti, mgeni akikufikia mlangoni amelowa chepechepe, utamfukuza?"

"Akikaribishwa akafungiwa mlango wa kutokea, huyo si mgeni, ni mfungwa!" Tranquilino akapaza sauti. "Ule ukuta je?"

"Ukuta uko kwangu."

"Kilicho ndani yake ni changu!"

"Basi ungekifunga kamba!"

Macedonio akapiga benchi, kisha akajuta, maana mtikisiko ulipanda moja kwa moja hadi kwenye jino. "Nyamazeni, kwa jina la Bikira! Tranquilino, mbuzi wako akitoroka kwenda kwa jirani, unafanyaje?"

"Namfuata."

"Basi ufuate udongo wako. Chukua punda, chukua vikapu, nenda kauchote. Eufrosina asikuzuie. Kesi imekwisha, na mwenye karafuu ya jino anifuate nyumbani."

Wote waliona mwenyekiti ametoa utani wa kufungia kikao, ila Tranquilino. Kesho yake alfajiri alikuwa korongoni, na punda, na sepetu, na Delfina nyuma yake akiangalia chini kwa aibu. Akaanza kwenye kidato kilicho bora kuliko vyote.

Eufrosina alikaa juu ya ukuta wake, mikono kifuani, akitazama. Aliumia. Alihesabu kila sepetu. Udongo ule alikuwa ameutia mbolea, ameuokota mawe, ameutemea mbegu za maboga. Kwa rangi ulikuwa wa Tranquilino, lakini kwa jasho? Punda alipanda na mzigo wake, akashuka, akapanda. Mteremko ambao maji yaliushuka kwa pumzi moja, punda aliupanda kwa kusimama na kulia. Hadi kumalizika kwa juma, Tranquilino alikuwa amepeleka juu kiasi cha kitanda cha watoto, na mgongo wake ulikuwa umekataa kunyooka.

Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Udongo unazoleka, ila muulize punda.

Jumamosi jioni mvua ikanyesha. Eufrosina na Abundio walikuwa barazani wakila tortila, zile chapati za mahindi, na maharagwe. Likaja wimbi dogo jekundu korongoni, likateremka vidato kwa adabu, likatua palepale udongo ulipochotwa.

"Hodi," Abundio akanong'ona.

Eufrosina alicheka hadi akapaliwa. Kijiji kizima kilicheka, kwa majuma mengi, na tangu hapo Tranquilino akaacha kumsalimia mtu yeyote.

Kicheko hicho hakikufika mwisho wa mwaka. Mwezi wa tisa, mahindi yakiwa mabichi ya kuchoma, mkia wa kimbunga ulipanda kutoka pwani ukanaswa na milima. Ilinyesha tangu asubuhi, si matone bali kamba. Na mlima ule sasa haukuwa na nyasi wala kichaka, ulikuwa sahani. Maji yakimwagwa kwenye sahani yataingia wapi? Mchana Eufrosina akasikia ngurumo ambayo haikutoka mawinguni. Akakimbilia mlangoni. Safari hii haukuwa mchuzi wa pilipili. Yalikuwa maji yanayoviringisha mawe.

Ukuta wa juu ulivumilia kadiri ulivyoweza, kisha ukafumuka, na mzigo wake wote ukaangukia ukuta wa chini yake, na huo nao ukaangukia mwenzake. Alisimama mlangoni akisikiliza kazi ya ujana wake inavyoshuka kidato kwa kidato. Abundio alimshika mkono, asije akaenda.

Mvua ilipokatika, alikwenda kukaa juu ya jiwe mahali palipokuwa na mahindi. Korongo lilikuwa jeupe tena. Hakulia kwanza, alikasirika kwanza, ili kilio kipate nafasi baadaye. Akiwa amekaa hapo, akasikia miguu inateremka. Alikuwa Tranquilino, suruali imekunjwa, tope hadi kiunoni. Eufrosina akajiandaa kuchekwa.

"Umemwona Jenerali?" Tranquilino akauliza. Jenerali alikuwa beberu wake, baba wa mbuzi wote wa San Cirilo.

"Sijaliona hata shamba langu, nitamwona beberu wako?"

Tranquilino akatazama korongo. Hakucheka. Akavua kofia, kama watu wavuavyo msibani, akaivaa tena. "Nateremka mtoni kumtafuta."

"Nami nakuja," Eufrosina akasema. "Nataka kuona shamba langu lilikofika."

Wakaufuata mkondo hadi mtoni. Mto ulikuwa umevimba, mzito, kahawia kama chokoleti ya sikukuu, na ndani yake mlikuwa na udongo wa kila mteremko wa bonde lile, wa San Cirilo na wa vijiji vyote vya juu, umechanganyika. Hapakuwa tena na mwekundu wala mweupe. Kivukoni, barabara ilikuwa imezama chini ya tope. Watu wa bonde la chini walikuwa wanakomba kanisa lao dogo kwa makoleo. Bibi mmoja aliyekuwa amejifunga shuka kiunoni aliwaona, akasimamisha koleo lake.

"Ninyi ni wa huko juu, sivyo? Nyuso hizo nazijua! Njooni mchukue matope yenu! Mtakatifu wetu ana udongo hadi puani!"

Tranquilino na Eufrosina wakatazamana.

"Shemeji," Tranquilino akasema polepole, "nadhani anatushtaki."

Eufrosina akaanza kucheka, na hapo ndipo machozi nayo yakapata njia, akacheka na kulia pamoja, ameshika shina la mti. Tranquilino hakujua ashike wapi, akamshika kofia. Kisha wote wawili wakaenda kuchukua makoleo, wakaikomba sanamu ya mtakatifu hadi ikaonekana miguu, maana huwezi kulaumiwa na bibi wa umri ule ukapita kimya. Jenerali walimkuta jioni, kwenye kisiwa cha takataka katikati ya mto, juu ya mgunga uliolala, akila majani yake kwa hasira.

Wakati wa kurudi, wakimburuta, Tranquilino akauliza, "Wewe ulijua kuyashika maji. Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza."

"Basi."

Wakaenda hatua kadhaa. "Lakini ungeniambia tu," Tranquilino akasema, "nikakataa, kosa likawa langu."

Neno hilo lilimkaa Eufrosina rohoni kama mbegu ya pilipili kwenye jino. Siku zile hakula vizuri. Mwisho akamwambia Abundio, aliyekuwa anaanza kofia mpya, "Nikiwaonyesha kuyashika maji kule juu, kwangu hakitashuka kitu tena. Vidato havitajaa. Nitabaki na mawe yale yale niliyoolewa nayo."

"Na usipowaonyesha?"

"Nitajenga upya, halafu itakuja mvua nyingine kama hii."

"Mimi ni msusi," Abundio akasema. "Najua jambo moja tu: kofia huanzia utosini. Ukianzia ukingoni, inafumuka."

Eufrosina akapanda kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu kesi. Alibeba fito tatu zilizofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe inayoning'inia katikati, kama za wajenzi wa kwao. Jiwe likitulia katikati, miguu miwili ya fito imesimama usawa mmoja. Kwa kifaa hicho akautembea mlima kiunoni, akichomeka vijiti nyuma yake, na mstari wa vijiti ukapinda kila mlima ulipopinda.

"Mstari umekwenda upogo," Tranquilino akasema.

"Mlima ndio uliokwenda upogo. Mstari umeufuata."

"Ng'ombe wangu hawajui kulima hivi."

"Ng'ombe wanajua. Asiyejua yuko nyuma yao."

Delfina akacheka kwa sauti, akajifunika mdomo, kisha akaamua kutokujifunika. Na ni Delfina, si mwingine, aliyemaliza suala la mbuzi. Tranquilino alikuwa bado anasema atafikiria, mkewe akiwa ameshaanza kusuka zizi la matawi ya miiba. "Wamekula mlima," akasema, "sasa watakula nitakachowakatia mimi. Na yeye Jenerali, akitaka kutembea, akatembee kwenye supu."

Kwa kuwa barabara ilikuwa imeharibika na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ulikuwa umeitishwa hata hivyo, Macedonio, ambaye jino lake lilikuwa limeng'olewa na kwa hiyo alikuwa mtu mwingine kabisa, aliongeza siku za mlima juu ya siku za barabara. Watu walilalamika, wakaja. Wakachimba mitaro kufuata vijiti, wakapanga mawe, wakapanda mikonge ukingoni mwa kila mtaro, huku Delfina akizungusha kibuyu cha pombe iliyogemwa kwenye mikonge ya zamani. Sehemu ya juu kabisa, iliyo kali kuliko zote, waliiachia mialoni ichipue kwenye visiki.

Mlima haukupona kwa siku moja. Mwaka wa kwanza Tranquilino alivuna kidogo, mwaka wa pili kidogo kuliko alivyotangaza. Lakini majani yalianza kushika kwenye mitaro, na siku moja mvua kubwa ilipomkuta Eufrosina njiani, aliamua kupanda badala ya kukimbilia nyumbani. Aliyakuta maji yamekaa kwenye mitaro, mtaro juu ya mtaro, kimya, yanazama. Tranquilino alikuwa amesimama katikati ya mvua, amejifunika nailoni, anayaangalia kama mtu anayetazama watoto wake wakila.

"Nilikwambia itafanya kazi," akasema.

"Uliniambia wewe?"

"Sasa nani?"

Na ndivyo alivyokuwa akiwaeleza wageni waliokuja kutoka vijiji vingine: kwamba yeye, Tranquilino, baada ya kuutafakari mlima kwa miaka mingi, aligundua. Eufrosina alimwacha. Alikuwa na kazi nyingine. Kuta zake zilikuwa zimesimama tena, fupi kuliko za zamani, ila maji yaliyozifikia sasa yalikuwa meupe, na kama alivyohofia, hayakumletea chochote. Kidato alichokitaka kwa mahindi hakikuwa na kina cha kutosha hata vitunguu. Alihangaika nacho msimu mzima, kisha akachukua vikapu viwili, akapanda hadi kwenye zizi la mbuzi, ambako samadi ilikuwa imelundikana hadi kiunoni.

Tranquilino alikuwa kwenye kigoda. Alivitazama vile vikapu. Alivitazama tena, na uso wake wote ukafunguka taratibu, kama mtu aliyengoja jambo hilo miaka yote bila kujua anangoja.

"Shemeji. Unatafuta nini?"

"Unajua ninachotafuta."

"Nataka kusikia kwa mdomo wako."

"Naomba samadi, Tranquilino."

"Delfina!" akaita ndani. "Delfina, njoo usikie! Amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, hajabebwa na maji!"

"Mpe samadi mwenzangu uache upuuzi!" Delfina akajibu kutoka jikoni.

Tranquilino akainuka kwa madaha, akachukua sepetu, akaanza kujaza kikapu cha kwanza mwenyewe, akikishindilia kwa mguu ili kiingie zaidi.

"Na punda nitakuazima," akasema. "Kushuka si kazi. Anaijua njia."